Sanduku la Kadi za Mama

Kila jioni, baada ya kuosha vyombo, Racheal aliketi mlangoni mwa chumba chao huko Walukuba, Jinja, akafungua sanduku la viatu. Ndani mlikuwa na kadi alizokata kutoka maboksi ya sabuni. Juu ya kila kadi aliandika swali moja kuhusu mama yao, Proscovia, na chini yake jibu moja. Alipenda chakula gani? Alisoma mpaka darasa la ngapi? Alizipanga kwa makundi, kama alivyoona kwenye droo za maktaba ya mjini.

Mama alifariki mwaka 1995. Mwaka mmoja baadaye Racheal, mwenye miaka kumi na miwili, bado aliikumbuka sauti yake. Lakini mdogo wake Romano alikuwa na miaka mitatu tu. Akiona mwanamke yeyote mwenye kitenge cha kijani, alimkimbilia akiita, "Mama!" Kadi zilikuwa za Romano. Siku atakapojua kusoma, atamkuta mama humo.

Swali moja lilimsumbua Racheal: Kwa nini Mama aliondoka kwao Mbale? Likizo ya Agosti alikwenda Namatala, huko Mbale, kumwuliza Nyanya Nambozo, aliyemzaa mama yake.

"Alitoroka. Hakuniaga," Nyanya alisema, na Racheal akaandika.

Aliporudi Jinja alimwuliza Shangazi Jovia, aliyekuwa akiwalea. Jovia akajibu, "Mimi mama yenu aliniambia alifukuzwa. Na mama yake mzazi."

"Sasa nani mwongo?"

"Sijui, mwanangu. Nakwambia nilichosikia."

Swali moja, jibu moja. Hiyo ndiyo ilikuwa kanuni ya Racheal. Naye alimpenda sana Jovia, ambaye kila asubuhi aliwapa watoto chai ya maziwa, mwenyewe akanywa ya rangi. Akaandika kadi ya Jovia. Ya Nyanya akaitia kwenye moto wa sigiri, lile jiko la mkaa.

Jumamosi moja Nyanya alifika kutoka Mbale, miguu imevimba, amebeba malewa, yale machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi. Hakujua kusoma. Kabla hata ya kunywa maji alisema, "Nisomee kadi zako, mwanangu. Nimekuja kumsikia Proscovia wangu."

Racheal alisoma polepole, na Nyanya akacheka kidogo kusikia habari za chakula. Ilipofika zamu ya kadi ya Jovia, Racheal aliificha chini ya nyingine.

"Umeruka moja!" Romano akapiga kelele.

Ikabidi asome. "Alifukuzwa na mama yake."

Nyanya akauliza, "Na yangu iko wapi?"

"Niliichoma, Nyanya. Nilidhani ni uongo."

"Basi Romano atakua akijua hivyo tu."

Jovia alitoka ndani, akaketi kwenye mkeka karibu na Nyanya. "Mama, hayo ni maneno yangu. Ndivyo alivyoniambia."

"Tuligombana usiku ule," Nyanya alisema. "Nilisema mengi. Sikumbuki kumwambia aende. Labda nilisema. Asubuhi kitanda kilikuwa kitupu. Sasa nitamwuliza nani?"

Jovia akamfuta machozi kwa ncha ya kitenge chake.

Racheal naye alilia. Kisha akakata kadi mpya, kubwa kuliko zote. Akaandika swali juu, akaacha chini yake nafasi ya kuandika majibu mengi, na kando ya kila jibu nafasi ya jina la msemaji.

"Nyanya, sema tena. Nitaandika yote. Hii ya Shangazi nitaitoa."

"Usiitoe."

"Lakini inakuumiza!"

"Inaniumiza. Iache." Nyanya alimshika mkono. "Mwanangu, aliyekufa hawezi kutuamulia. Ukichagua wewe peke yako, unamnyima mdogo wako nusu ya mama yake. Andika kila mtu alivyosema, na jina lake. Romano akikua, atasoma, atapima mwenyewe."

Racheal aliandika majibu yote mawili. Alipomaliza, Nyanya akaomba asomewe tena, kuanzia na jibu la Jovia.