Sauti ya Mwanamke wa Mianzini

Kuna mtu aliyekuwa akivuta pumzi kabla yake.

Ashura alisimamisha rekodi, akarudisha nyuma, akasikiliza tena. Kwanza upepo wa filamu na mianzi inayosuguana. Halafu pumzi ndefu, ya taratibu, kama ya mtu anayejiandaa kusema. Ndipo ikafuata pumzi yake mwenyewe, na neno lake. Chumba chake cha kurekodia mtaani Kashai, chenye trei za mayai ukutani ili kelele za bodaboda zisiingie, kilikuwa na kiti kimoja tu.

Ashura alikuwa DJ wa kutafsiri filamu za Kichina za mapanga. Watu wakisikia hivyo walicheka: mwanamke? Kana kwamba panga zile hushikwa kwa ndevu! Lakini hao hao walijaa kwenye mabanda ya video kuanzia Kashai hadi Nyanga, na wavuvi wa visiwa vya Muleba walizigombania flashi zake, wamsikie peke yake akiwa mzee wa hekaluni anayekohoa, mlevi anayepigana huku anapepesuka, jambazi lenye jicho moja, na mwanafunzi mtiifu aliyeapa kumlipia kisasi mwalimu wake. Mchana kutwa alikuwa watu wengi. Akirudi chumbani kwake hakuwa na hata mmoja wa kumwuliza ameshindaje.

Aliyeuliza ni mama yake, Bi Mariamu, aliyekuwa kijijini Izigo, kwa simu. Mama alikuwa amepofuka zamani, na binti yake sasa alikuwa kwake sauti tu. "Sema tena, mwana wange," alizoea kumwambia, "nikuone."

Kwa hiyo Ashura alishika mwiko mmoja wa kazi. Waliomfundisha walimwambia: kila mhusika mtengenezee koo lake, ila sauti ya nyumbani usiiingize kwenye filamu kamwe.

Aliuvunja kwa hasira.

Filamu yenyewe ilianza na mwanamke mwenye nguo nyeupe, amesimama katikati ya mianzi. Kamera inamzunguka. Mikono mirefu ya gauni lake inapepea polepole kama moshi. Upanga unapita. Damu haionyeshwi, linaonyeshwa jani moja linaloanguka na kugawanyika hewani vipande viwili. Basi, amekufa. Na kwa sababu amekufa, mumewe anapata ruhusa ya kuruka juu ya mapaa ya vigae hadi filamu iishe.

Ashura alishawazika wangapi wa namna hiyo? Picha inawapamba kuliko wote, hadithi haiwapi neno. Uzuri wote ule, halafu bubu! Nani alipitisha azimio hilo, na kikao kilikaa wapi?

Akaamua kumpa neno. Makoo yake yote alikuwa ameshayagawa kwa wanaume, likabaki moja. "Na mimi nina la kusema," alimsemea mwanamke yule kwa sauti yake ya nyumbani, ya Izigo. Kisha, kama ma-DJ wanavyopenda kuzungumza na wahusika, akamjibu: "Sema, dada. Sauti yangu hii, chukua."

Ndipo ilipoingia ile pumzi.

Nakala alikuwa ameshaitoa isambazwe tangu jana; sasa akairuhusu rekodi iendelee. Pale alipokuwa amenyamaza, mwanamke hakunyamaza. Aliongea chinichini kwa sauti ya Ashura, akicheka kicheko cha Ashura, akitaja kibanja cha kwao chenye migomba na njia ya kufika mlangoni. Harufu ya majani mabichi yaliyokatwa ilijaa chumba kisicho na dirisha.

Mlango uligongwa. Alikuwa Rutashobya, mwenye banda na pikipiki iliyosambaza flashi.

"Dada mkubwa! Ile ya mianzi nimeshaituma hadi visiwani. Watu wanalia!"

"Irudishe, Ta Rutashobya," alisema Ashura. Iliyotoka ni sauti ya mzee wa hekaluni.

Rutashobya alicheka. "Kazi imeisha, bwana. Mpumzishe babu wa watu."

"Sifanyi utani." Sasa alikuwa mlevi. Akashika shingo yake, akajaribu tena, akatoka jambazi. "Nisaidie."

Kicheko cha Rutashobya kilikatika. "Ee waitu," alinong'ona. "Twende kwa Bi Mwajuma."

Bi Mwajuma alikuwa mwanamke wa mtaa wa pili aliyesomea watu wenye majini. Alifukiza ubani, akamsomea Ashura kwa muda mrefu, mkono wake juu ya koo lile, kisha akauondoa ghafla kama ameungua.

"Hakuiba, mwanangu. Umempa mwenyewe."

"Nimnyang'anye vipi?" aliuliza jambazi.

"Sema polepole, asisikie. Sasa hivi ana sauti, hana kwao. Akikaribishwa ndani ya nyumba yenu kwa jina lako, amepata kwao, na wewe huna tena. Nani anayekujua kwa sauti?"

Ashura alimsukumizia Rutashobya simu mkononi na kumwonyesha jina la mama. Yeye angempigia kwa sauti ipi?

Rutashobya alipiga, akasikiliza, akaishusha simu. "Inatumika," alisema kwa sauti ndogo. "Anaongea na mtu."

Mama hakuwa na mwingine wa kuongea naye.

Walikimbiza pikipiki hadi Izigo, jua likiwa bado juu. Kwenye njia ya kibanja Rutashobya alisimama na kudai injini imechemka. Mwanaume aliyepigia makofi mapanga maisha yake yote! Ashura akaingia migombani peke yake.

Hapakuwa na upepo, lakini majani yalikuwa yakisuguana, kwanza mbali, kisha karibu, kisha juu ya kichwa chake, na alipoinua uso alimwona, katika mwanga mweupe wa mchana, akipita kwa ncha za vidole juu ya majani ya migomba bila jani hata moja kuinama, mikono mirefu ya nguo yake ikimfuata polepole kama iliyo ndani ya maji, polepole kuliko kitu chochote kilicho hai, na bado kila Ashura alipoongeza mbio, akijikwaa kwenye mashina, akipigwa na majani makavu usoni, mwanamke yule alizidi kuwa mbele, hakugeuka, hakuharakisha, mpaka paa la bati la mama lilipoonekana na yeye akashuka nyuma ya paa hilo, taratibu, kama kitambaa kilichoachiwa.

"Hodi, mama," ilisema sauti ya Izigo.

"Ashura wange! Umefika kweli! Karibu, karibu ndani, mwana wange, njoo nikushike mikono."

Ashura alifika mlangoni akihema. Alilitafuta koo lake kwa nguvu zote, kwa jina la Mola wake, kwa jina la maziwa aliyonyonya.

"Mama! Usimguse!" lilinguruma jambazi lenye jicho moja.

Ndani mama alimvuta mgeni wake karibu.

"Ashura," mama alinong'ona, "nje kuna mwanaume?"

"Yupo, mama," ilijibu sauti ya Izigo.

"Ni mimi!" Sasa alikuwa mlevi. "Mama, ni mimi!" Akakohoa mzee wa hekaluni. "Ni mimi, mama yangu…"

"Mbona ni wengi? Unawajua?"

Ashura aliusukuma mlango, ukafunguka kidogo. Kwenye upenyo aliwaona. Mama yake ameinua uso wake usioona, umejaa furaha na hofu, na mikono yake myembamba imefumbatwa ndani ya mikono mirefu myeupe. Mwanamke yule alimtazama Ashura moja kwa moja. Akavuta pumzi ndefu, ya taratibu.

"Siwajui, mama," alisema.

"Basi funga, mwana wange. Funga vizuri."

Komeo likaingia.