Lengelenge la Ukutani

Fundi rangi huyu watu walimwita Fito, kwa wembamba wake. Nyumba za wengine alizing'arisha kweli. Ya kwake je? Chumbani, juu ya kitanda, ukuta ulikuwa na lengelenge la rangi, kubwa kama sahani. Kila lilipojitokeza alilikwangua, akapaka rangi, akaenda zake. Baada ya muda lilirudi palepale.

"Fundi gani wewe?" mkewe alimtania. "Ukuta wako mwenyewe umekushinda!"

"Rangi ikikauka, kazi imekwisha," Fito alijibu.

Hata dawa alizitumia hivyohivyo. Daktari alimpima, akakuta kolesteroli, yaani mafuta ya kwenye damu, imepanda mno. Alimpa vidonge na kumwambia arudi kabla havijaisha. Fito alimaliza pakiti, hakurudi.

"Siumwi popote," alisema akiwasha sigara. "Na wembamba huu, mafuta yatoke wapi?"

Asubuhi moja, akiwa juu ya ngazi kazini, kifua kilimbana. Jasho likamtoka, mkono ukafa ganzi. Mwenye nyumba alimkimbiza hospitali. Mkewe alifika huko akihema, viatu havijafungwa. Aliogopa sana. Hakuwahi kuwaza maisha bila mume huyu mwenye maneno mengi.

Bahati ilikuwa yao. Mshipa mmoja wa moyo ulikuwa umeanza kuwa mwembamba, lakini moyo haukuwa umeharibika. Fito alilazwa, akatibiwa, akaruhusiwa.

Mdogo wa mkewe, ambaye ni muuguzi, alikuja nyumbani kumjulia hali. Alimkuta kitandani, chini ya lile lengelenge.

"Shemeji, hiki kitu kimetokana na nini?"

"Unyevu. Bomba linavuja ndani ya ukuta."

"Na wewe unapaka rangi juu yake?"

Fito alikuna kichwa. "Uvivu tu, shemeji."

"Basi mshipa wako nao uko hivyo. Watu wanadhani mafuta yanagandia juu tu, kama uchafu ndani ya bomba. Sivyo. Kolesteroli ikizidi, inapenya ndani ya ukuta wenyewe wa mshipa. Chembe nyeupe za damu, walinzi wa mwili, wanakuja kuila. Wanavimbiwa, wanakwama humohumo, wanaita wenzao. Ukuta unavimba. Siku uvimbe huo ukipasuka, damu inaganda hapo ghafla na kuziba njia. Moyo unakosa damu."

"Mbona sikuhisi kitu muda wote huo?"

"Uvimbe huo hauumi, shemeji. Huwezi kujipima kwa maumivu."

"Lakini nitazame! Mafuta yenyewe sili mengi."

"Ini lako nalo linatengeneza kolesteroli. Wengine wanarithi tatizo hilo. Mtu mwembamba anaweza kuwa nayo nyingi kuliko mnene. Na sigara zako zinajeruhi ukuta wa mshipa, zinaifungulia mlango."

"Na vidonge?" mkewe Fito aliuliza.

"Vinashusha kolesteroli, na uvimbe unatulia. Akiacha, inapanda tena. Asiache mpaka daktari aseme."

 Mkewe alimshika Fito mkono.

"Nilidhani nimekupoteza," alisema, na machozi yakamtoka.



Fito alirudi kliniki, akaanza tena vidonge. Sigara aliziacha, ingawa mwanzoni alinuna kutwa nzima na hakuna aliyethubutu kumsemesha. Alipunguza vyakula vya kukaanga, akaanza kutembea kila jioni na mkewe. Alipopimwa tena, kolesteroli ilikuwa imeshuka vizuri.

Kisha akageukia chumba chake. Alivunja plasta juu ya kitanda, akaziba bomba pale lilipovuja, akapiga plasta mpya. Ukuta ukabaki bila rangi, mbaya kuutazama.

"Hupaki?" mkewe aliuliza siku moja. "Mbona pamekauka?"

Fito aliweka kiganja ukutani, akakiacha hapo kidogo.

"Juu pamekauka, mama. Ndani bado."

Kisha akamimina maji kwenye glasi, akameza kidonge chake.