Inchi Moja na Nusu

Haika hakwenda soko la Walthamstow kutafuta mwanamume. Alikwenda kutafuta ndizi za kupika, na Ijumaa ile ya mwezi Machi alizipata, mbichi na ngumu, kwenye meza ya mwisho karibu na muuza mapazia. Alikuwa amevaa ovaroli la bluu lililotobolewa na cheche za kuchomelea, juu yake koti jekundu la sufu, na kichwani kilemba cha kitenge cha njano kilichopanda juu kama anakwenda harusini. Watu walimpisha. Labda walidhani ni mtindo.

Nyuma yake mtu alikuwa akiongea kwenye simu, kwa Kiswahili, na kwa sauti ya mtu anayeamini kwamba hakuna anayemwelewa.

"Nakuambia wote wamekataa. Wa Barking amekataa, wa Croydon amenicheka. Mimi nataka tu paa ya gari ikatwe, ishuke, basi. Wananiangalia kama mgonjwa ametoroka wodi."

Haika akageuka. Macho yake yakakutana na vifungo vya koti. Akayainua, akayainua tena, ndipo akaufikia uso: mweusi, mpole, wenye ndevu zilizochongwa vizuri na macho ya mtu aliyetoka shifti.

"Gari gani?" akauliza.

"Eh?"

"Hilo unalotaka likatwe paa."

"Ni ile aina inaitwa kupe. Milango miwili, ya mwaka wa thelathini na nne." Mwanamume aliishusha simu bila kumuaga aliyekuwa akizungumza naye. "Kwani kuna mtu unajua?"

"Yupo."

"Anaitwa nani?"

"Haika. Shika hizi ndizi, natafuta kadi yangu."

Alizishika ndizi, na akazibeba mpaka gereji, iliyokuwa chini ya tao la reli, ambako kila treni ilipopita juu spana zilitetemeka ukutani. Njiani Haika aliyajua yote ya kuanzia. Aliitwa Elkana, nesi, mtu wa Nyamira. Gari alirithishwa na mzee James, Mwingereza aliyempangisha chumba Kilburn alipofika London mara ya kwanza. Jumapili zao walizimaliza ndani ya gari lile, likiwa limesimama gerejini, wakinywa chai. Mzee aliifufua injini lakini hakuwahi kulishusha paa. Kwenye nguzo zake alikuwa amechora kwa chaki mistari miwili iliyoachana inchi nne. Alifariki Novemba akiwa ameushika mkono wa Elkana.

"Nilimwahidi," Elkana alisema. "Itashuka hadi kwenye mstari wake."

"Lete gari," Haika alisema. "Na uje na suruali usiyoipenda."

Kazi ya kushusha paa ni rahisi kuisimulia. Unakata nguzo zinazolibeba, unatoa kipande katikati, unalishusha paa juu ya visiki na kuvichomelea. Gari linabaki na madirisha membamba, limekunja uso kama bondia. Lakini kabla ya msumeno kuna kupima, na Haika, aliyejifunza ufundi wa bodi Moshi na kuumaliza London kwa mikono yake, hakupima gari peke yake. Alimpima atakayekaa ndani.

"Kaa," alimwambia Elkana siku gari lilipofika. "Usikae kama unapigwa picha. Kaa kama umetoka shifti ya saa kumi na mbili."

Elkana akalegea. Haika akainama ndani na futi kamba, akapima kutoka kwenye kiti hadi utosini. Elkana alinukia sabuni ya hospitali na, kwa mbali, tangawizi. Futi kamba ikakawia pale utosini kuliko ilivyohitajika.

"Bado unapima?" Elkana aliuliza.

"Nyamaza, unaongeza urefu." Akajitoa, akaandika. "Mrefu wangu, inchi nne haziwezekani. Utaendesha umeinamisha kichwa kama mtu anayeomba radhi. Mbili na nusu."

"Mstari ni wa inchi nne."

"Mstari hauna shingo."

Elkana alicheka, lakini akatikisa kichwa. "Kata kwenye mstari, Fundi. Mimi nitainama."

Wakaliacha hapo, maana kulikuwa na mengine ya kuzungumza. Aprili yote simu zilikuwa zao. Elkana alimpigia saa ya mapumziko, akiwa amesimama kwenye ngazi za hospitali.

"Fundi, umekula?"

"Nimekula vumbi la chuma."

"Hicho si chakula, mpenzi. Kesho nakuletea ndizi zangu, uonje zile zimepikwa na mtu anajua kupika."

"Mkisii kumfundisha Mchaga ndizi. Lete, nikuonee huruma."

Alizileta. Haika alikula sahani mbili na kukataa kukiri lolote. Mei walizunguka bustani za Stratford, Haika akiwa na gauni la kijani na viatu vya kazi kwa sababu alisahau kubadili. Elkana hakuona viatu. Aliona gauni. Alimbusu kwenye daraja la mfereji, akiinama sana, na Haika akawaza kwamba mtu huyu ameinama maisha yake yote: milangoni, vitandani kwa wagonjwa, kwenye paa la kila basi. Hakulisema hilo.

Kazi ilipangwa Jumamosi ya kwanza ya Juni, siku pekee ambayo Hemali alikuwa na nafasi. Hemali alikuwa fundi wa viti wa tao la jirani, mzaliwa wa Kisumu, na paa la gari halinyanyuliwi na mtu mmoja. Elkana hakuweza kuwapo. Alikuwa Msabato wa kweli: toka machweo ya Ijumaa hadi machweo ya Jumamosi simu yake ilizimwa na kulazwa kabatini.

Haika alikuwa ameshaunganisha vyuma vya kulishikilia bodi lisijipinde. Akakata mstari wa chini, nguzo zote. Wakaliinua paa kwa mnyororo, likaning'inia. Alipopangusa nguzo, chini ya chaki ya juu, kwa tina ya kuyeyushia rangi ili akate kwa juu, rangi laini ya zamani ikatoka na kitambaa, na chini yake akaona mikwaruzo ya msumari. Inchi moja juu ya mstari wa chini: 1988. Moja na nusu: 1996. Mbili na robo: 2009. Na juu kabisa, kwenye inchi nne, chaki ya mwaka jana.

"Mzee alikuwa akibadilisha mawazo," Hemali alisema.

"Hakubadilisha. Angalia, zinapanda tu."

Haika akapiga simu. Imezimwa. Akapiga tena, na mara ya tatu, huku akijua.

"Ngoja jua lizame, atawasha," Hemali alisema.

"Juni hii jua linazama saa tatu usiku."

"Basi ngoja, dada. Gari ni la mtu."

Hilo lilikuwa neno la haki, na Haika alilisikia vizuri. Alilitazama paa lililoning'inia, akaitazama futi kamba, akaikumbuka ile shingo iliyoinama kwenye daraja la Stratford. Akavaa miwani. Akakata inchi mbili na nusu.

Elkana alifika Jumapili asubuhi na maua ya manjano. Gari lilikuwa limesimama mlangoni, limechomelewa, limekunja uso, zuri kiasi cha kumfanya atabasamu toka ng'ambo ya barabara. Kisha akaiona chaki. Mstari wa juu wa James ulikuwa bado pale kwenye nguzo, inchi moja na nusu juu ya maungio.

Akaweka kidole juu yake.

"Hii ni nini?"

"Kaa ndani kwanza, nikuonyeshe kitu."

"Haika, hii ni nini?"

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina toka walipokutana sokoni.

"Nimetoa mbili na nusu. Nilikupigia, mara tatu. Kuna mikwaruzo—"

"Ulinipigia siku unajua simu yangu imezimwa."

"Ndiyo."

"Na hukungoja."

"Sikungoja. Kaa ndani, Elkana."

"Sikai." Sauti yake haikupanda, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Baba yangu nilimzika kwa simu. Nilikuwa na miezi miwili hapa, makaratasi hayakuniruhusu kutoka. Nilimwona akiteremshwa kaburini kwenye kioo kidogo hivi, na mtandao ukakatika katikati. Mzee James alikuwa amekaa kando yangu. Huyu ndiye nilipata nafasi ya kumfanyia kitu kimoja, kimoja tu, vile alitaka. Na wewe umekipunguza."

Aliweka maua juu ya boneti na kuondoka kuelekea stesheni. Alipofika kwenye kilango kifupi cha njia ya stesheni, Haika aliona, hakuinama. Akajigonga kipaji cha uso na kuendelea kutembea.

Wiki mbili simu haikulia. Haika alifanya kazi. Alipeleka vioo kukatwa, akakwaruza maungio mpaka vidole visiweze kuyahisi, akabandika madirisha. Maua aliyaweka kwenye kopo la rangi.

"Mwandikie pole," Hemali alisema. "Neno moja tu. Wanaume wa ziwani hulainika."

"Huyu si wa ziwani, ni wa milimani kama mimi. Halafu sitamwandikia uongo."

Badala yake alichukua kipande cha nguzo alichokikata, kile chenye mikwaruzo, akakisugua hadi miaka ikasomeka, akakifunga kwa kipande cha kitenge cha njano na kukipeleka posta. Hakuweka barua.

Elkana alikifungua jikoni kwake, akiwa bado na sare ya kazi. Alidhani ni matusi. Kisha akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha. 1988. 1996. 2009. Akakaa.

Alikumbuka mto. Kila mwaka James alidai mto mnene zaidi kwenye kiti cha dereva, na Elkana ndiye aliyeukunja na kumwekea mgongoni na chini. Alikumbuka alivyompima mzee mwaka wa mwisho, kwenye fremu ya mlango, na mzee akacheka: ninasinyaa, mwanangu, usiponiangalia nitaisha. Kila alivyopungua yeye, mstari ulizidi kupanda. Mzee hakuwa akipima gari. Alikuwa akijipima mwenyewe, na zile inchi nne zilikuwa kipimo cha mtu mdogo, mgonjwa, aliyekuwa akiaga.

Alitaka kupiga simu hapo hapo. Akatazama dirishani; jua la Ijumaa lilikuwa linazama. Akaizima simu, akailaza kabatini.

Jumamosi mchana alifika Walthamstow akiwa katika suti ya kanisani, ya kijivu, na tai ya bluu, na kovu dogo kwenye kipaji. Haika alikuwa anasugua boneti. Kilemba kilikuwa kile cha njano, kimepungua kidogo upande mmoja.

Elkana akafungua mlango wa dereva, akaketi, akalegea kama mtu aliyetoka shifti ya saa kumi na mbili. Paa halikumgusa. Palibaki nafasi ya vidole viwili. Akatazama mbele kupitia kioo chembamba, shingo ikiwa imenyooka.

"Mstari wa mzee upo pale pale," Haika alisema. "Ukisema niumalize, naumaliza Jumatatu. Nilichobakiza kinaweza kutoka wakati wowote. Ningetoa chote, kisingerudi."

"Usikate."

"Sawa."

"Ingia, Fundi."

Haika akajifuta mikono, akazunguka, akaketi kiti cha abiria. Kilemba chake kirefu hakikugusa paa. Palibaki nafasi ya vidole viwili.

Elkana alitazama pale juu kwa muda.

"Upande huu ulinipima mimi," alisema. "Upande huo ulipima nani?"

"Abiria."

"Abiria yupi anavaa kilemba?"

Haika akajishughulisha na kishikio cha dirisha. "Hapo ndipo mbili na nusu zilipotoka. Wewe peke yako ungeweza kuvumilia tatu."

Treni ikapita juu. Elkana alicheka mpaka spana zikatulia ukutani.

"Kwa hivyo ulikata gari yangu kwa kipimo cha kichwa chako, kabla sijakuuliza chochote."

"Niulize sasa."

"Utakaa hapo? Sisemi leo."

"Nitakaa."

"Hata nikizeeka, nianze kudai mito?"

"Tutapima upya."

Akauchukua mkono wake, wenye makovu ya cheche, akauweka kwenye gia chini ya wake.

"Sasa nipe pole yangu," alisema. "Moja tu, malkia. Ulikata bila ruhusa."

"Nilikata bila ruhusa. Pole ya mzee James ninayo, na ya baba yako ninayo, nitakupa kila siku ukitaka. Ya hili paa huipati." Haika akanyoosha shingo, kilemba na vyote. "Siombi msamaha, Elkana. Washa gari."