Mguu Uliotundikwa Ukutani

Kila asubuhi Euphrasia alifagia uwanja, akamwekea baba yake uji, ndipo akaenda shule. Ukutani ulining'inia mguu wa bandia, kama jembe la marehemu. Duara, yaani shimo la wachimba dhahabu, kule Buhemba liliporomoka, likamchukua baba mdogo Chacha mzima mzima. Kwa baba yake, Ngolo, likachukua mguu mmoja.

Ngolo alipouvaa ule wa bandia, uso ulimsawijika, akauvua upesi. "Unanibana tu," alisema, akarudi kigodani. Siku moja Euphrasia alikuwa akimnawisha, kitambaa kikagusa ubavu wa kigutu cha mguu. Ngolo aliruka kama aliyenaswa na umeme. Akauma shati lake asipige kelele.

"Baba, mwambie daktari."

"Nimwambie nini? Mimi na Chacha tulitahiriwa asubuhi moja, hakuna aliyepepesa jicho. Leo yeye yuko udongoni, mimi nililie kigutu? Nyamaza, mwanangu."

Siku ya kliniki walikwenda Musoma. Daktari Sabina aliuliza, "Mzee, unaumwa?"

"Hata kidogo. Mguu mzuri, mvivu ni mimi."

Euphrasia alitazama sakafu. Kumpinga baba mbele ya watu ni aibu; kunyamaza ni kumwacha asitembee tena.

"Shikamoo, daktari," alisema huku machozi yakimtoka. "Baba anaumwa. Anaumaga shati ili tusimsikie."

"We mtoto!" Ngolo alifoka.

Daktari alikigonga kigutu taratibu kwa kidole. Ngolo akapiga yowe, kisha akalia kwa kwikwi, akimtaja Chacha. Walimwacha alie.

"Mshipa wa fahamu uliokatwa umeota kinundu," daktari alisema baadaye. "Kikikandamizwa, kinachoma. Nitakupa dawa ya mishipa, na fundi ataupanua mguu pale unapobana. Ikishindikana, tutafanya upasuaji. Lakini ulivyokuwa unaficha, ningekutibuje?"

Maumivu yalipungua, ingawa hayakwisha yote. Kabla ya Kwaresima Ngolo alivaa mguu wake, akatembea polepole hadi kwenye kaburi la Chacha, akang'oa magugu aliyokuwa akiyatazama tu kutoka kigodani. Euphrasia aliyakusanya kando.

"Siku ile ulinivunjia heshima," Ngolo alimwambia.

"Ndiyo, Baba. Unisamehe."

"Nikusamehe nini? Kisu cha jandoni ni cha asubuhi moja, mwanangu. Mtu hukivumilia kikapita. Ugonjwa wa kila siku husemwa, upate dawa. Mungu hakutupa kinywa cha kunywea uji tu."