Magunia Yasiyo na Mwenyewe

Vya kale ni dhahabu, husema wazee. Uongo. Vya kale ni mlango usio na komeo, na Hamudi alikuwa ameshausukuma.

IJUMAA, SAA 11:10 JIONI

Chumba cha nyuma cha duka la pembejeo, Masasi. Harufu ya salfa ilikaba koo. Hamudi, fundi wa kompyuta aliyeletwa kutoka Dar kubadilisha mfumo wa kampuni ya maghala, alitandaza karatasi juu ya mfuko wa salfa. Bastola ikakandamiza pembe moja.

"Kesho saa mbili kamili mfumo wa zamani unazimwa. Mpya unawaka saa nne. Hapo katikati mzani wa getini hauna kumbukumbu. Lori linatoka kwa kikaratasi chenye muhuri."

"Muhuri wa nani?" Filemoni, dereva, aliuliza.

"Wa huyu."

Loveness hakuinua macho. Alikuwa karani. Miaka tisa aliulisha mfumo ule majina, mkulima mmoja mmoja. Mfumo mpya haukuhitaji karani. Barua ya kumwachisha kazi ilikuwa imeshachapwa. Ndiyo maana alikuwa mle ndani.

"Korosho za nani tunabeba?" Loveness aliuliza.

"Magunia mia mbili. Mfumo mpya umeyakataa kwenye majaribio, hauwaoni wenyewe. Wafu hao, na waliohama. Nani atayadai?"

"Mama yangu ameweka kumi na mawili humo. Nyumba yake haina paa. Yakiguswa, mimi simo."

"Jina?"

"Bibiana Erasto."

Kidole cha Hamudi kikateremka kwenye karatasi, taratibu, mpaka chini.

"Hayumo. Umeridhika, dada?"

"Nimeridhika."

"Na ukigeuka," alisema akiikunja karatasi, "Chiungutwa kwa mama yako siyo mbali."

Filemoni akacheka. Cheko lake halikuwa na sauti.

JUMAMOSI, SAA 1:40 ASUBUHI

Hamudi alikuwa nje ya ofisi ya ghala akiwaharakisha makuli. Orodha aliiacha mezani ili Loveness anakili kikaratasi cha kutokea.

Akasoma. Mama Yuster. Baba Anderson. Mama Winfrida.

Hapakuwa na maiti hata mmoja. Majina hayo aliyaandika kwa mkono wake, kama wenyewe walivyojitaja dirishani. Mfumo wa zamani uliyameza. Mpya ulitaka jina la kwenye kitambulisho.

Mstari wa thelathini na moja: Mama Isaka. Magunia kumi na mawili.

Isaka ni kaka yake, kifungua mimba. Tangu azaliwe, nani Chiungutwa alithubutu kumwita mama yake Bibiana?

Loveness akavuta kibodi. Akaandika mzigo wa lori kwenye mfumo wa zamani, jina kwa jina.

SAA 2:00

"Zima," Hamudi alisema mlangoni, macho yake kwenye lori.

Akazima skrini tu. Chini ya meza, mashine ikaendelea kupumua.

SAA 2:17

Lori likapanda mzani. Printa kuukuu ya getini ikaanza kukereza. Haikutakiwa kukereza.

Bartholomayo, mlinzi, akachana karatasi, akaisoma yote. Hakuwa mtu wa haraka.

"Filemoni. Mzigo hutolewa na mwenyewe. Mama Isaka yuko wapi?"

"Kaniagiza."

"Na Mama Yuster kakuagiza? Na Baba Anderson? Umekuwa mjukuu wa wilaya nzima? Shuka."

Filemoni akakanyaga mafuta. Geti likapinda, halikukatika. Makuli wakamshusha kwa kumvuta miguu, Bartholomayo akawapigia simu polisi.

Ofisini, Hamudi aliinama chini ya meza. Akaiona taa ya kijani. Alipoinuka, mdomo wa bastola ulikuwa shingoni kwa Loveness. King'ora cha polisi kikaanza kusikika upande wa sokoni.

"Uliniambia Bibiana."

"Ndilo jina lake."

"Umetuuza. Na wewe mwenyewe unaingia ndani pamoja nasi, mjinga wewe."

"Najua."

King'ora kilikaribia. Hamudi akakandamiza chuma shingoni.

"Niombe radhi. Neno moja tu, nakuachia roho yako."

Loveness alitazama skrini nyeusi.

"Sikuombi."