Walioitikia Salamu kwa Mama wa Mwami

Ilikuwa siku ya kawaida ya kiangazi, jua na vumbi, na vita vilikuwa vimepumzika kidogo upande wa Gitega. Mkubwa wa komini, mtawala wa tarafa ile, alikuwa amealika wageni watembelee kaburi la mama wa mwami, mfalme wa zamani, juu ya kilima karibu na Gishubi, wajionee kwamba kwake kuna utulivu. Bénédicte, Mkongo wa Bukavu aliyeuza vinywaji sokoni, alipewa kazi ya kuwanywesha. Akamchukua Zaituni ambebee kreti ya Fanta.

Zaituni alitoka Gasorwe, kule Muyinga. Mumewe Uthmani, fundi cherehani, alishushwa garini na askari kwenye kizuizi cha barabarani cha Gishubi pamoja na Waislamu wenzake. Hakurudi. Tangu siku ile kila ofisi ilimpa Zaituni jibu moja: wamevukia Tanzania, subiri. Asubiri! Eda hakukaa, maana maiti hakuna. Matanga hayakuwekwa. Mama mkwe alimnunia kana kwamba yeye ndiye aliyemficha mtoto wake. Hasira ilimkaa kooni, haimezeki, haitemeki, naye akawa anazunguka nayo kizuizi hadi kizuizi, akiuliza.

"Leo usiulize kitu, dada," Bénédicte alimnong'oneza wakipanda kilima. "Mi niko na watoto. We beba tu, tabasamu."

"Meno nitawaonyesha," Zaituni alisema. "Kutabasamu sitaweza."

Esdras, mlinzi wa kaburi, aliwapokea chini ya mivumu, ile miti ambayo zamani gome lake lilikuwa nguo. Akaeleza kwa sauti ya mtu aliyezoea. Kuni haziokotwi hapa. Tawi halivunjwi. Jembe haliingii.

"Hata wakati huu wa vita?" mgeni mmoja aliuliza.

"Hata sasa," mkubwa alidakia. "Hakuna anayethubutu kuchimba hapa."

Esdras alitazama vidole vyake vya miguu.

Zaituni aliitua kreti. Tangu utotoni alifundishwa kwamba hupiti makaburini bila kuwasalimu waliolala. Midomo ilitangulia akili.

"Assalamu alaykum, enyi watu wa makaburi."

Bénédicte alicheka kwa woga. "We! Mama wa mwami unamsalimia na Kiarabu? Atakujibu nani?"

Waalaykumu salaam.

Ilitoka chini. Chini ya mizizi. Haikuwa sauti moja. Haikuwa ya mwanamke. Zilikuwa sauti za wanaume, nyingi, zimebanana kama watu waliolaliana.

Ndege walinyamaza.

"Ce n'est rien, si kitu," mkubwa alisema. "Iko upepo."

Hakuna jani lililotikisika.

Zaituni alisalimu tena, kwa nguvu. Wakaitikia tena. Na wote walipokwisha, mmoja alichelewa. Akaitikia peke yake, midomo imebanwa. Hivyo ndivyo Uthmani alivyowaitikia wateja mlangoni, pini zikiwa kati ya midomo, asije akaziangusha.

Zaituni alipiga magoti. Akachimba kwa kucha.

"Tanzania ni hapa?" alimfokea mkubwa. "Eh? Tanzania iko chini ya mti? Mumewatupa kwa mama wa watu ndio awafichie! Mulijua hakuna atakayechimba!"

"Ondoeni huyu mwendawazimu!"

Askari wa mkubwa walimburuta. Kreti ilipinduka, chupa zikateremka kilima. Wageni wakatazama viatu vyao, kisha wakatazama magari yao. Zaituni hakulia. Alipiga kelele mpaka kizuizini, na kizuizini akapaza zaidi.

Walipomwachia, alirudi Gasorwe, akaingia ndani, akakaa eda.

"Maiti iko wapi?" mama mkwe aliuliza.

"Ameniitikia, mama."

Yule mzee akajifunika kanga kichwani, akaketi kando yake. Matanga yakaanza.

Yaliyofuata kilimani, Esdras alimnong'oneza Bénédicte nyuma ya meza yake sokoni. Asubuhi ya pili yake, alisema, ardhi chini ya mivumu ilikuwa imeinuka matuta. Membamba, urefu wa mtu, sambamba. Waliotupwa ovyo, mmoja juu ya mwingine, walikuwa wamepangwa. Mkubwa alileta wanaume na majembe, na lile katazo la jembe likasahaulika siku hiyo. Wakasawazisha. Kulipokucha, matuta yalikuwa pale pale.

"Mi siko Mwislamu," Esdras alisema. "Lakini nilishuka mjini, nikasimama mbele ya msikiti, nikaangalia unatazama wapi. Kisha nikarudi juu."

"Na?"

"Ni upande uleule. Matuta yote yameupa ubavu."

Akainuka kuondoka. Bénédicte alidhani amemaliza.

"Tuta moja, lile la pembeni, pale dada yule alipochimba kwa kucha," alinong'ona, "limenyunyiziwa maji. Vile Waislamu wanafanyaka wakimaliza kuzika. Nilitia kidole. Udongo ni mbichi."

Mvua haikuwa imenyesha tangu kiangazi kianze. Na juu ya kilima kile hakuna kisima.