Chinduli Aliyekataa Kukua

Nyumba ya Bibi Pili pale Kitangari ilianza kunuka korosho zinazoungua, na msimu wa korosho ulikuwa bado kabisa.

"Nani anachoma korosho saa hizi?" Bibi aliuliza.

Ziada, mjukuu wake, alizidi kugonga vitufe. Alikuwa na ghadhabu zake na kompyuta. Mtambo wa leza anaoufanyia kazi kwa mtandao uko ng'ambo, kwenye chuo anachosoma. Leza hupiga gesi kwa mwanga mkali, chembe ndogo mno zikatimka mbio. Ziada ametengeneza programu ya kuutafutia mtambo vipimo: inabahatisha, inaona chembe zimekimbiaje, inajifunza, inajaribu tena. Chuo kilimpa mpaka jioni hii. Chembe zisipoongeza mbio, masomo basi, arudi kupalilia mikorosho.

Na programu yenyewe inamchezea! Inapanda, inapanda, ikikaribia kileleni inasahau yote na kuanza upya.

"Chinduli wewe, utaniua kwa presha!" Ziada akapiga meza. "Kua basi!"

Kompyuta ikakohoa. Kikohozi kikavu, cha mtu mzima, kisha harufu ya korosho ikazidi mpaka ikamwasha machoni, na feni iliyokuwa ikivuma ikaanza kuhema, ikavuta pumzi na kuitoa, ikavuta na kuitoa, vilevile alivyokuwa akihema marehemu Babu kitandani kabla hajakata roho, nywele zikamsimama Ziada na mikono ikagoma hata kuifunga hiyo kompyuta.

Bibi alikuwa mlangoni na ungo wake. "Umemwitaje?" alinong'ona.

"Ni programu tu, Bibi. Nimeipa jina. Si ulilitaja mwenyewe siku ile, ukacheka?"

"Ole wangu! Hilo ni jina la babu yako la utoto, aliliacha jandoni. Marehemu wa watu unamwita kitoto mchana kutwa, tena unamfokea! Ukimwita mtoto, atakuaje?"

Ziada, na usomi wake wote, hakubisha. Bibi akapiga magoti, akanyunyiza unga wa mtama kizingitini. "Tuwie radhi, Mzee Sultani. Mtoto hakujua." Ziada akafuta jina la zamani, akaandika lile la ukubwani, Sultani.

Harufu ikakatika. Programu ikapanda, ikapita kilele, chembe zikakimbia mbio ambazo hajapata kuziona. Ziada akamkumbatia Bibi, akalia kwa furaha.

Simu ikaita. Alikuwa Edmund, mwenzake kutoka Masasi, anayesimamia mtambo kule ng'ambo.

"Dada Ziada," alinong'ona, "tumezima leza."

"Mmezima? Una wazimu, Edmund? Sasa ndiyo inakwenda!"

"Kuna mtu chumbani. Tukifungua mlango hatumwoni. Tukifunga, kamera inamwonyesha: mzee, amekaa kando ya mtambo. Wakubwa wamesema haiwashwi tena mpaka atoke."

"Mtoeni basi, jamani! Jioni ndiyo hii!"

"Tumemsihi kwa kila lugha. Nilipomwamkia Kimakonde ndipo akajibu." Nyuma ya Edmund mtu akakohoa kikohozi kikavu. "Anasema hatoki. Ameitwa na mjukuu wake, safari hii kwa jina lake."